Anayeonja Uyoga Hugeukia Ukuta

Mwaka huu yule ametoka tena, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda kumfuata. Nimemwona mwenyewe, siku niliyokatisha porini kumkwepa mwalimu wa nidhamu, maana huyo asubuhi hukaa kwenye kibanda cha chai pale njia kuu akinoa macho. Alikuwa amejaa chini ya mtondoro mmoja, kofia kwa kofia, kama watu waliosikia kuna fulana za bure. Nikamtazama, nikapita.

Yule ni uyoga. Bibi yangu mzaa mama ni Mmatumbi wa vilimani, na kwao jina la uyoga huu halitamkwi msituni. Ukilitaja, uyoga unajificha chini ya majani, nawe utarudi nyumbani na kapu la hewa. Kwa hiyo sisi tunasema yule. Yule katoka? Umemwona yule? Mtu asiyetujua angedhani bibi ana hawara huko porini, na mimi ndiye kuwadi wake.

Wenzetu wa kijijini hawaujui, au wanaujua na wanauogopa. Hapa nyuma ya Bungu watu wanauza machungwa, korosho na mihogo kando ya lami, lakini uyoga huo hutauona kwenye beseni la mtu. Unatoka siku chache tu, mvua za kwanza za masika zikishalowesha udongo, na hauoti popote ila chini ya mtondoro, mti mgumu ambao wachoma mkaa wanaupenda kuliko wake zao. Nilimwuliza mwalimu wa bayolojia jina la kitaalamu la yule. Akasema aina za kuvu ni nyingi na kipindi kimekwisha. Tulichoandika kwenye daftari ni kwamba kuvu haina uwezo wa kujitengenezea chakula. Hata mimi sina, na mbona naamshwa alfajiri nikateke maji.

Kofia yake ina rangi ya andazi lililoiva vizuri. Ukiigeuza, chini kuna mikunjo myeupe kama tui. Ukiuvunja unanukia karanga mbichi. Na sasa lililo kubwa: yule ana ndugu. Ndugu yake ana kofia ileile, mikunjo ileile, anakaa chini ya mti uleule, hata kunukia ananukia vilevile kama pua yako haijazeeka. Tofauti iko chini ya udongo. Bibi alinifundisha hivi: mwema anatembea peku, mbaya anavaa kiatu. Unafukua kwa kijiti, unamng'oa mzimamzima, unamtazama mguuni. Ukiona kile kigozi cheupe kimemshika kisigino kama ganda la yai lililovunjika, unamwacha hapohapo na unakwenda kunawa mikono.

Hata ukishamtazama mguuni, haitoshi. Kwa bibi, mchumaji ndiye mwonjaji. Uyoga ukiiva, aliyeuchuma anapakua kwenye bakuli, anageukia ukuta wa jiko, anawapa watu mgongo na kula peke yake. Halafu anafunika chungu, na hakuna mwingine wa kugusa mpaka adhuhuri ya kesho yake. Akiamka mzima, nyumba nzima inakula. Kwa nini ageukie ukuta? Bibi anasema mtu anayejitanguliza mbele ya wenzake hatazamwi mdomoni. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Mwezi ule wa kusubiri mavuno, ghalani kuna panya na dua tu, mtu mzima anageukia ukuta na bakuli la uyoga wa nazi, sisi tunabaki kunusa. Niliuita ufisadi, na niliusema kwa sauti. Bibi akaniita mbwa koko.

Hapo inabidi nieleze matusi ya bibi. Bibi anamtukana anayempenda. Mimi ni mbwa koko, mjomba ni gogo la mnazi, marehemu babu mpaka leo ni yule mzee mwizi wa usingizi. Asiyempenda, au asiyemjua bado, anamwambia karibu, kaa, umeshindaje, kwa adabu iliyonyooka kama rula.

Mwaka juzi mjomba alirudi kutoka Mbwera na mke. Alikwenda kule delta kuvua, akaoa, akalima mpunga, akakaa miaka. Halafu maji yakapanda yasishuke, yakabeba mpunga na ukuta mmoja wa nyumba, nao wakabeba kilichobaki wakaja kwetu. Mjomba akaingia kwenye mkaa, akawa analala hukohuko kwenye matanuru, harudi ila kuleta unga. Mkewe akabaki na sisi wawili.

Mkaza mjomba alikuwa mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Alitembea juu ya kilima chetu kwa tahadhari, kama mtu anayetegemea ardhi itamwinamia kama mtumbwi. Alisema hajawahi kukaa mahali ambapo hayaoni maji, na kwamba usiku kimya chetu kinamwumiza masikio. Kwa mila mimi na yeye ni watani, na hatukupoteza muda. Nilimwambia watu wa kwao wanatembea ubavu kwa sababu ya kula kaa. Akaniambia sisi tunaokula panya wa shambani na ukungu wa miti, Mungu katuumbia meno ya nini. Nilipofeli hisabati alinifariji: kwao hata pweza anajua kuhesabu mpaka nane.

Kwangu alikuwa wa nyumbani tangu wiki ya kwanza. Kwa bibi hakuwa. Bibi alimwita mwenzetu. Mwenzetu, sogea ukae. Mwenzetu, umekula? Alimpa kigoda kizuri, akamkataza kubeba kuni. Siku moja tunapeta choroko, mkaza mjomba akaniuliza, huku akitazama ungo:

"Hivi mama ataanza lini kunitukana?"

Nikamwambia avumilie, foleni ni ndefu. Akacheka, lakini kile kicheko hakikuamsha kuku yeyote.

Masika yale alitaka aende na sisi porini kumfuata yule. Bibi akamruhusu, ila kwa adabu zake: mwenzetu akae pale penye kivuli asichomwe na miiba. Akakaa na kapu. Sisi tukaingia, tukafukua, tukang'oa, tukatazama miguu. Bibi akaketi juu ya gogo akapangusa udongo na kukata sehemu za chini, kama afanyavyo siku zote ili kapu lisichafuke. Kilichomfikia mkaza mjomba kilikuwa kofia safi na vishina vifupi. Jioni akamwona bibi akigeukia ukuta na bakuli. Akaona mgongo wake na kiwiko kikipanda na kushuka. Kesho yake adhuhuri tukala wote, naye akasema hajawahi kula kitu kitamu hivyo ambacho hakikuwa na mapezi.

Siku chache baadaye bibi aliitwa msibani Ikwiriri, akalala huko. Kesho yake mimi nilikuwa shule. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha.

Niliporudi mchana nilisikia harufu ya nazi kabla sijafika uani. Mkaza mjomba alikuwa jikoni, ameketi chini, ameugeukia ukuta. Nilimwona mgongo. Nikasimama mlangoni nimenyamaza, maana hata mimi nina mipaka. Alipomaliza aligeuka, akafunika chungu kwa sinia na kuweka jiwe juu yake. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyetoka kunyoa mtoto wa kwanza.

"Usiguse mpaka kesho adhuhuri," akaniambia. "Mchumaji ndiye mwonjaji."

Bakuli lilikuwa jeupe. Alikuwa amelikomba.

Alinieleza mwenyewe jinsi alivyofanya. Alikwenda palepale, akamkuta yule kajaa. Akatoa kisu chake cha kuvunia, kile kidogo wanachokatia mpunga suke kwa suke kule delta, akakata kila mmoja juu kidogo ya udongo, kwa usafi, bila kutifua kitu. Alijisifu kwamba kapu lake halikuwa na chembe ya mchanga. Bibi asingepata cha kupangusa. Na alivitaja vile visiki alivyoviacha vimejipanga chini ya mti kama meno.

Mimi nilikuwa na njaa na nilikuwa nafikiria adhuhuri ya kesho. Neno kukata lilinipita kama lori linavyopita kituoni bila kusimama. Bibi aliporudi kutoka msibani siku ileile, jua bado liko juu, neno hilohilo lilimsimamisha palepale uani kabla hajatua mzigo.

Hakupandisha sauti. Alimwuliza mke wa mwanawe ameukata au ameung'oa. Ameukata. Kwa kisu? Kwa kisu, mama, vizuri kabisa. Amekula kiasi gani? Hapo mkaza mjomba akaona haya kidogo, akasema bakuli, kama mama.

Bibi akaketi chini na mzigo wake kichwani. Ndipo alipotuambia kitu ambacho hakuna aliyekijua nyumbani mwetu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mbele. Kule ukutani bibi huwa anaweka kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho. Anakigusisha mdomoni kwanza, anasubiri, halafu anakimeza. Mchuzi uliobaki bakulini anaurudisha chunguni. Kile kiwiko kinachopanda na kushuka ni cha kujifuta machozi, kwa sababu kila mwaka anaogopa.

Akanituma porini nikafukue visiki.

Nilikimbia. Niliviona kwa mbali, vyeupe, vimekatwa sawasawa kama alivyosema, kazi ya mtu aliyekata mpunga maisha yake yote. Nikapiga magoti nikafukua cha kwanza kwa kijiti. Peku. Cha pili, peku. Nikaanza kupumua. Nilipofika upande wa pili wa shina nikafukua kingine, kijiti kikagusa kitu laini, na udongo ulipoanguka nikaona kile kigozi. Kiatu. Nikafukua cha jirani yake. Kiatu. Walikuwa wameota wamechanganyika, yule na ndugu yake, bega kwa bega, na juu ya ardhi wote walikuwa andazi. Sikumaliza kuvifukua. Nilivifunga viwili kwenye kanga nikarudi navyo, na njiani nilijaribu kufikiria utani wa kuingia nao nyumbani, nikakosa.

Bibi alivitazama mara moja. Kisha akamgeukia mkaza mjomba, aliyekuwa amesimama wima, mzima, hana hata kichefuchefu.

"Mpumbavu mkubwa wewe," alimwambia. "Kichwa cha kambale. Nani alikuambia unione mimi mgongo ukadhani umeniona?"

Mkaza mjomba alinitazama mimi. Naapa alikuwa anatabasamu.

"Umesikia?" akasema. "Kanitukana."

Bibi akamwaga chungu kwenye shimo la choo, akakivunja, na bakuli pia. Akamkorogea maji ya chumvi akamtapisha, lakini chakula kilikuwa kimekaa tumboni tangu mchana. Tukaenda zahanati. Muuguzi alisikiliza, akaviona visiki, akasema tusikae hapo, twende hospitali sasa hivi. Bibi akaanza kutafuta pikipiki. Mgonjwa wetu ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kwenda kumsumbua daktari, akiulizwa anaumwa nini ajibu shibe. Asubuhi angeona. Bibi alimtukana kutoka zahanati mpaka nyumbani, naye akatembea mbele yake amejinyoosha kama bibi harusi.

Kabla ya adhana ya alfajiri tumbo lilimkamata. Sitaeleza. Mtu aliyewahi kuugua kipindupindu anajua, na asiyewahi hana haja ya kujua. Pikipiki ilipokuja tulimfunga kwa kanga kwenye mgongo wa dereva, mimi nikakaa nyuma kumshikilia, na uzito wake ulikuwa umeshapungua.

Hospitali wakamtundikia dripu moja baada ya nyingine. Mjomba aliletwa kutoka kwenye matanuru na masizi yake. Alikwenda bombani akanawa mikono, akaja mpaka mlango wa wodi, akarudi kunawa tena. Hakusema kitu. Gogo la mnazi, kama bibi asemavyo.

Halafu akapata nafuu. Ndilo lililotuumiza kuliko yote. Kutapika kukakoma, akakaa kitandani, akaomba uji, akamwomba na jirani yake wa kitanda amwazime kitana. Alimwambia nesi kwamba huyu mtoto aliyesimama hapa ni mtani wake, asipewe dawa yoyote hata akianguka. Bibi alikuwa amehamia chini ya kitanda na mkeka wake, na kazi yake ilikuwa moja: kumtukana. Alimtukana kuhusu uji, kuhusu namna ya kulala, kuhusu nywele. Matusi yote aliyomnyima kwa miezi aliyatoa pale wodini, mpaka wagonjwa wengine wakawa wanageuka kusikiliza. Mkaza mjomba aliyapokea kama mtu anayehesabiwa mahari.

Daktari alituita nje. Alikuwa kijana, sauti yake ya chini. Akasema sumu hii ina tabia ya kumwachia mtu apumzike huku inaendelea na kazi kwenye ini, na kwamba tusifurahi bado. Mjomba akauliza dawa yake ni nini. Daktari akasema wanafanya kinachowezekana, na akatazama chini. Bibi alirudi ndani akaendelea na matusi palepale alipoyaachia, bila kupunguza hata moja, ila alikuwa anayasema huku amemshika mguu.

Macho yalikuwa ya kwanza kubadilika. Niliingia na chai asubuhi nikayaona, rangi ya bizari. Akaniuliza ninatazama nini. Nikamwambia sasa amefanana na kaa wa kuchemsha. Akacheka kidogo, akasema kaa akichemshwa huwa mwekundu, we mtoto hata rangi hujui, ndiyo maana unafeli. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa yenye mpangilio. Baada ya hapo alianza kuongea na watu wa kwao, akiwaambia wafunge mtumbwi vizuri, maji yanapanda. Alifariki mchana, wakati wa kuona wagonjwa, wodi imejaa watu waliobeba vyakula.

Tulimrudisha nyumbani. Kaka zake watatu walifika kutoka Mbwera, kwa boti mpaka Nyamisati na kwa gari mpaka kwetu, na viatu vyao vilikuwa bado vina matope ya huko. Walikuja kumchukua. Mkubwa wao aliuliza mbele ya watu wote dada yao amekufa na nini, na nani alimpa. Wanaume wakaanza kukohoa, imamu akavuta maneno ya kudra. Bibi akatoka kwenye chumba cha wanawake, jambo ambalo halifanyi, akasimama mbele yao na kueleza kila kitu: uyoga, kisu, ukuta, bakuli. Akasema mila ni yake na mgongo ulikuwa wake. Kisha akasema jambo ambalo hata mjomba hakulijua. Ile nafasi kando ya babu, chini ya mkorosho, ambayo tangu nizaliwe sote tumeambiwa ni ya bibi, wachimbaji walikuwa wanaichimba tayari kwa ajili ya mkwewe.

Kaka mkubwa alitazama upande wa mkorosho. Wadogo zake walimtazama. Nilitegemea ugomvi, na nadhani kila mtu alitegemea.

"Kwetu pa kuzikia pameliwa na maji," alisema mwishowe. "Baba yetu mwenyewe hatujui sasa yuko wapi."

Hakusema kama anakubali au anakataa. Wakaenda kutawadha.

Mwili ulioshwa, ukavikwa, ukawekwa kwenye jeneza la msikiti. Kwa mila yetu maiti haivuki kizingiti mpaka mtani wake aizuie njia na kusema neno, na wa upande wake amjibu. Siku nyingine zote nimeiona kama mchezo. Watu wazima wanatupiana maneno, wanacheka na kamasi zinawatoka. Bibi akanigusa bega. Mtani wake nyumba hii alikuwa mimi. Nikachukua kanga nikaitandaza mlangoni, mkono huu na mkono huu, na wale wanaume wakasimama na jeneza mabegani. Mimi, ambaye nimefukuzwa darasani mara ngapi sijui kwa mdomo, nilisimama pale mdomo umekauka kama kopra.

Watu wakasubiri. Bibi hakunisaidia.

"Simpishi mtu," nikasema. "Huyu alikuja kwetu kwa miguu yake. Leo anabebwa kwa nini? Kilima hiki kidogo tu kimeshamshinda?"

Sauti ilikatika pale mwisho, na utani wenyewe ulikuwa mbovu; yeye angeniambia nirudi darasa la kwanza. Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza. Kaka mkubwa alikuwa ameshika mbele, upande wa kulia. Ilikuwa zamu yake kunijibu, kutetea watu wa maji, kunitukana kwa niaba ya ukoo wao. Alinitazama, macho mekundu, taya likimcheza.

"Mpishe, mtani," akasema. "Ni wenu."

Nikaishusha kanga.